Samaki Aliyepona na Samaki Mgeni

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo liwahusulo wote wafugao samaki katika mabwawa, na wale wanaokusudia kuianza kazi hiyo. Jambo lenyewe ni hili: samaki naye, kama binadamu na kama ng'ombe, ana kinga mwilini mwake ya kupigana na maradhi, lakini kinga hiyo huja polepole, nayo yahitaji msaada wa mwenye bwawa. Asiyelijua jambo hili aweza kupoteza vifaranga vyake vyote kwa muda wa majuma mawili, na asitambue sababu yake.

Aghalabu mambo hutokea hivi. Mtu ana bwawa lenye samaki walioishi humo miezi mingi. Zamani waliugua kidogo, wakafa wachache, waliobaki wakapona, na sasa wala vizuri na kunenepa. Mwenye bwawa aona nafasi ingaliko. Atoa fedha aliyoiweka akiba, anunua vifaranga vya samaki, naye avitia bwawani siku ile ile. Baada ya siku chache vifaranga vyaanza kujisugua kwenye mawe na majani. Ngozi na mapezi yao yaonekana yana madoa meupe, kama kwamba mtu amewanyunyizia chembe za chumvi. Kisha vyapanda juu kutweta, na kila asubuhi vingine vyaelea vimekufa. Wale samaki wa zamani hawana neno. Waendelea kula kama kawaida.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu asema vifaranga vilikuwa vibovu tangu kwa muuzaji. Yule asema jirani ametia sumu. Mwingine asema ni jicho la husuda. Lakini tufikiri kidogo. Maji ni yale yale, chakula ni kile kile, na bwawa ni lile lile. Kama ni sumu, mbona wenyeji hawakufa? Tofauti haimo majini. Imo katika ngozi na damu ya samaki wenyewe. Wenyeji wamekwisha kupigana vita hivi na kujifunza, wageni hawajafunzwa.

Basi, kwanza tumjue adui. Maradhi haya huitwa maradhi ya madoa meupe, na huletwa na kimelea, yaani kiumbe kidogo kiishicho kwa kula mwili wa mwenzake. Mabingwa wawili wa Ujerumani, Hilgendorf na Paulicki, waliandika habari zake mwaka 1869, walipomwona katika samaki wa nyumba ya maonyesho ya samaki mjini Hamburg. Mwaka 1876 Mfaransa Fouquet alimpa jina la kitaalamu, Ichthyophthirius multifiliis, na maana yake ni "chawa wa samaki mwenye watoto wengi". Kwa kweli si chawa hata kidogo. Mwili wake wote ni chembe moja tu, nao umefunikwa na vinywele vidogo sana ambavyo kwa hivyo huogelea. Walakini sehemu ya pili ya jina lake ni kweli tupu: watoto anao wengi mno.

Maisha yake yana hatua tatu, nasi twawaomba mzishike vizuri, kwa kuwa dawa na kinga zote zategemea hatua hizi. Hatua ya kwanza, mdudu mchanga huogelea majini akitafuta samaki. Hana muda mrefu: katika maji ya joto, asipompata samaki kwa muda wa siku 2 hivi, aghalabu hufa. Akimpata, hutoboa ngozi au matamvua, yaani yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia, akajificha chini ya ngozi ya juu. Hiyo ndiyo hatua ya pili. Humo hula na kukua mpaka aweza kuonekana kwa macho, na lile doa jeupe ndilo nyumba yake. Akisha kushiba hutoka, huzama chini, hujifunga ndani ya ganda laini, na hapo huanza hatua ya tatu: hujigawanya wawili, wanne, wanane, na kuendelea, hata mdudu mmoja aweza kutoa watoto mia kadhaa, na pengine wapatao 1,000. Ganda hupasuka, na wote hao watoka kutafuta samaki.

Katika maji ya joto la nyuzi 24 mpaka 26 za sentigredi, safari hii yote huchukua siku 3 mpaka 6 tu. Maji yakiwa ya baridi huchukua majuma mengi. Sasa na tufanye hesabu, nanyi wanafunzi mtusaidie. Tuseme katika kila watoto 1,000, walio wengi hufa njiani, na 10 tu ndio wampatao samaki. Mdudu mmoja wa leo, baada ya mzunguko mmoja, ni 10. Baada ya mizunguko miwili ni 100; baada ya mitatu ni 1,000; baada ya minne ni 10,000. Na kama kila mzunguko ni siku 5, hizo ni siku 20 tu. Hivyo ndivyo bwawa lililokuwa salama mwezi uliopita huwa makaburi mwezi huu. Na samaki hafi kwa sababu ya madoa yaonekanayo mapezini. Hufa zaidi kwa sababu matamvua yake yameharibika, naye hushindwa kupumua akiwa ndani ya maji.

Tumekwisha kumjua adui. Sasa tuwatazame walinzi. Kinga ya samaki ni kama boma lenye kuta tatu.

Ukuta wa kwanza ni ute, ule utelezi ambao humfanya samaki achopoke mkononi. Watu wengi huudhani kuwa ni uchafu tu. Sivyo. Ute huo hutoka katika ngozi siku zote, ukaondoka na kuja mwingine, nao huwachukua wadudu wengi kabla hawajashika mahali. Tena umo ndani yake mchanganyiko wa vitu vya kuua vijidudu. Kwa hiyo amshikaye samaki kwa mikono mikavu, au amvutaye kwa wavu wenye nyuzi kali, amebomoa ukuta wa kwanza wa boma kwa mkono wake mwenyewe.

Ukuta wa pili ni chembe nyeupe za damu. Mdudu akipenya ngozini, chembe hizo hukusanyika mahali pale kwa muda mfupi, kama watu wa kijiji wakimbiliapo palipopigwa yowe. Hushambulia kila kigeni, awe nani au awe nini. Kazi yao ni njema, lakini hawamjui adui kwa jina wala kwa sura. Na mdudu wetu, akiwa amejificha chini ya ngozi, mara nyingi huwashinda.

Ukuta wa tatu ndio wenye nguvu kuliko zote, nao ni kingamwili. Kingamwili ni vitu vidogo mno, havionekani hata kwa hadubini ya kawaida, navyo hutengenezwa na mwili kwa kumfuata adui fulani, kama ufunguo uchongwavyo kwa kufuata kufuli lake. Ufunguo huu haufungui kufuli nyingine. Binadamu huzifanya chembe zake za damu katika uboho wa mifupa. Samaki wetu hana uboho wa namna hiyo. Kazi hiyo hufanywa hasa na sehemu ya mbele ya figo yake, pamoja na wengu.

Lakini uchongaji wa ufunguo wahitaji muda. Samaki apatapo adui kwa mara ya kwanza, hata katika maji ya joto, yapita majuma kadhaa kabla kingamwili hazijawa tele. Kumbukeni hesabu yetu: katika majuma hayo mdudu amekwisha kuzunguka mara tatu, nne au tano. Ndiyo maana twasema kwamba maradhi haya ni mashindano ya mbio kati ya mdudu na kinga. Ikiwa wadudu wa kwanza ni wachache, samaki hupata muda wa kujifunza, akapona. Ikiwa ni wengi tangu mwanzo, hufa askari wake wakingali wananoa silaha.

Jambo hili si la kubahatisha, limepimwa. Mwaka 1974 Hines na Spira walitoa habari za majaribio yao katika Israeli, waliyoyafanya kwa samaki waitwao karpi. Karpi walioambukizwa kidogo na kupona walitiwa tena kati ya wadudu wengi, nao hawakuugua kama wale ambao hawakupata kuambukizwa. Kupona kwao kuliwaachia kumbukumbu mwilini.

Lakini kumbukumbu hiyo hufanyaje kazi? Jibu lake lilitolewa mwaka 1996 na mabingwa Clark, Lin na Dickerson wa Marekani, nalo ni jibu la ajabu. Walichukua kingamwili za panya zilizofanywa kwa kumfuata mdudu huyu, wakawatia kambare mwilini. Kambare hao hawakuwa na kinga yao wenyewe, walakini waliokoka. Na walipochunguza, waliona kwamba wadudu waliokuwamo ngozini hawakuuawa. Walitoka! Waliyaacha makao yao kabla hawajashiba, kama mpangaji aliyetolewa nyumbani na vyombo vyake mkononi. Kingamwili ina mikono miwili, nayo hushika sehemu mbili za koti la mdudu kwa wakati mmoja na kuzivuta pamoja. Mdudu ahisipo hivyo hukimbia. Walipotumia kingamwili zilizokatwa zikabaki na mkono mmoja tu, mdudu hakujali.

Tafadhali lifikirini jambo hili, kwa kuwa ndiyo siri ya bwawa lile tuliloanza nalo. Samaki aliyepona hulinda mwili wake, halisafishi bwawa. Mdudu amefukuzwa hali yu hai. Tena katika samaki waliopona wadudu wachache waweza kubaki, mmoja hapa na mmoja pale, bila kumletea mwenyeji madhara yaonekanayo. Kwa hiyo bwawa laonekana zima kabisa, kumbe mbegu ya maradhi ingalimo. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika bwawa la samaki mambo yamegeuka: mwenyeji amekwisha kupona, na mgeni ndiye afaye.

Elimu haikukoma hapo. Mwaka 2013 wachunguzi walioongozwa na Sunyer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha, kwa kutumia samaki aitwaye trauti na mdudu huyu huyu, kwamba ngozi ya samaki ina kingamwili yake maalumu, iitwayo IgT, ifanyayo kazi katika ute. Iko nyingine, IgM, ambayo kazi yake ni hasa katika damu. Maana yake, ngozi ya samaki si gunia tu la kufunikia nyama. Ni kituo cha askari chenye askari wake.

Na habari ipendezayo kupita zote yahusu jamii ya perege, samaki wetu wa Afrika, ambaye sasa hufugwa katika nchi nyingi za dunia. Mnajua kwamba katika jamii hiyo wako ambao mama huyaatamia mayai yake kinywani, na vifaranga hukimbilia humo waonapo hatari. Mwaka 1994 Sin, Ling na Lam wa Singapore walitoa habari kwamba mama aliyepewa kinga dhidi ya maradhi ya madoa meupe huwarithisha watoto wake kinga hiyo. Watoto wa mama kama huyo walistahimili maradhi kuliko watoto wa mama asiye na kinga. Basi yule mama hawapi wanawe maficho tu. Huwapa na silaha.

Hata hivyo msidhani kwamba kila samaki hupigana sawasawa, au kwamba kila kimelea hushindwa. Katika bahari za kaskazini, kama huko Norway, watu hufuga samaki aitwaye salmoni ndani ya nyavu kubwa baharini. Samaki hao husumbuliwa na chawa wa bahari, ambaye ni chawa wa kuonekana kwa macho, mlaji wa ute, ngozi na damu. Salmoni wa Atlantiki akishikwa na chawa huyo, ngozi yake hufanya upinzani mdogo tu. Lakini ndugu yake wa Pasifiki aitwaye koho, ngozi yake huvimba upesi ikamzunguka chawa, na chawa wengi huanguka. Kwa sababu hiyo wafugaji wa Norway hujitahidi kuchagua wazazi wenye ngozi hodari, kama sisi tuchaguavyo fahali. Kinga hutofautiana kwa ukoo, na kwa adui.

Pengine mtauliza: mbona samaki hawachanjwi dhidi ya maradhi haya, kama watoto wetu wachanjwavyo? Wataalamu wamejaribu sana, lakini magumu ni mawili. La kwanza, mdudu huyu hawezi kufugwa chupani peke yake. Apate samaki hai, ndipo aishi, na kwa hiyo kumpata kwa wingi wa kutengenezea chanjo ni kazi kubwa na ya gharama. La pili, wadudu hawa hawavai koti la namna moja. Ufunguo uliochongwa kwa koti moja waweza kushindwa na koti jingine. Basi mfugaji asingoje chanjo. Chanjo yake ya leo ni utunzaji mwema.

Twataja sasa mambo ya kufanya, nayo ni machache.

La kwanza, msichanganye samaki wa zamani na vifaranga vipya katika bwawa moja. Ni afadhali kuwavua wote pamoja, kuyatoa maji yote, kuliacha bwawa likauke juani hata udongo wake upasuke, ndipo kulijaza tena na kutia samaki wote kwa mara moja. Mdudu huyu hawezi kuishi pasipo samaki, wala hawezi kuvumilia ukavu. Jua ni dawa isiyouzwa dukani.

La pili, samaki wageni wawekwe kwanza mahali pao peke yao, kwa muda wa majuma 3 hivi, wapate kutazamwa kila siku. Wavu wao na ndoo yao viwe mbali, visiingizwe katika bwawa kubwa. Maana hatari huenda njia mbili: wenyeji waweza kuwaambukiza wageni, na wageni waweza kuwaletea wenyeji maradhi wasiyoyajua.

La tatu, msijaze samaki kupita kiasi. Tulisema kwamba mdudu mchanga ana siku 2 tu za kutafuta. Samaki wakiwa wachache hupotea njiani. Wakisongamana humpata kila ageukapo. Tena msongamano, maji machafu na njaa humtia samaki taabu, na samaki mwenye taabu hutengeneza kinga kwa unyonge.

La nne, jihadharini na baridi. Joto la damu ya samaki hufuata joto la maji. Wakati wa kipupwe, hasa kwa watu wa nchi za milimani, uchongaji wa kingamwili huchelewa sana. Huo si wakati wa kuwahamisha samaki wala kuwashikashika bila sababu.

La tano, mkiona madoa, msikawie, wala msitumaini dawa ya siku moja. Dawa nyingi humwua mdudu aogeleapo tu. Aliye chini ya ngozi na aliye ndani ya ganda hazimfikii. Kwa hiyo dawa itiwayo mara moja huwaacha wengi, na baada ya siku chache vita vyaanza upya. Samaki wachache walio katika pipa waweza kuhamishiwa maji safi kila siku kwa muda wa siku 7 hivi, wakiwa katika maji ya joto. Kila wahamapo huwaacha nyuma wadudu waliotoka. Chumvi ya kawaida, kiasi cha gramu 5 kwa kila lita 1 ya maji, huwazuia wadudu wachanga, na perege huivumilia vizuri. Lakini ile rangi ya dawa iitwayo malakaiti ya kijani msiitumie kwa samaki wa kuliwa, ingawa muuzaji aisifu. Nchi nyingi zimeikataza kwa sababu hubaki katika nyama na yaweza kumdhuru mlaji. Penye shaka, mwendeeni bwana samaki wa wilaya yenu.

Wasikilizaji wetu, tukiyakusanya yote haya, twaona kwamba kazi ya mfugaji si kupigana badala ya samaki. Samaki anao askari wake, nao ni hodari. Kazi ya mfugaji ni kuwapa askari hao muda: kwa kupunguza adui wa kwanza, kwa kutunza maji, na kwa kutowatupa wasiofunzwa katikati ya vita. Fedha ya vifaranga ni fedha ya ada ya shule, na ya kitoweo cha watoto. Haifai kuizamisha bwawani kwa haraka ya siku moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwapa chakula, simameni kimya kando ya bwawa mwatazame samaki wenu. Ajisuguaye, atwetaye juu ya maji, na akataaye chakula, huyo ana habari ya kuwaambia. Mwalimu naye aweza kuwachukua wanafunzi wake kando ya bwawa la shule, wakaifanya tena ile hesabu ya mizunguko minne huku wakitazama maji yenyewe. Nasi hapa ndipo tunapokomea. Kwa herini, na mabwawa yenu yawe na heri.